WinDirStat: viboksi vya rangi vilivyoiokoa diski ya studio yetu

Habari zenu wakuu. Leo nawaletea riviu ya WinDirStat, programu ya Windows inayokuonyesha kwa picha ni nini kimejaza diski yako. Mimi nina studio ya picha na video, tunapiga harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, mahafali, popote panapohitajika kamera tupo. Tuko watu watano, kompyuta mbili za kueditia na diski moja ya TB 4 ambayo wote tunamwagia kazi humo humo. Anayefanya kazi hizi anaujua ugonjwa wetu, diski kujaa. Unatoka ukumbini saa nane usiku, kadi zote zimejaa, bwana harusi anataka klipu za kuposti asubuhi, unaanza kuhamisha unaambiwa nafasi haitoshi. Hapo ndipo watu wanaanza kufuta vitu kwa kubahatisha.

Kubahatisha kulitugharimu. Mwaka juzi kijana wetu mmoja alifungua diski akakuta folda ina jina lisiloeleweka, tarehe ya zamani, hakuna aliyeigusa miezi, akajua ni takataka akaifuta moja kwa moja. Kumbe ilikuwa sendofu ya binti mmoja, familia ilikuwa haijachukua kazi kwa sababu walikuwa wanamalizia malipo. Baba wa yule binti alifariki miezi mitatu baada ya shughuli, na hotuba yake siku ile ndiyo video ya mwisho anayoonekana anaongea. Nilimpigia mama mtu simu mwenyewe, sikumtuma mtu. Tulipata klipu chache kwenye kadi moja iliyokuwa bado haijafutwa, hotuba ya mzee haikuwemo. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ile folda ilikuwa na GB 9 tu, diski ikajaa tena baada ya siku mbili, yaani tulipoteza kitu kisichorudi kwa ajili ya nafasi isiyotosha hata harusi moja.

Baada ya hapo nikaweka programu moja ya "kusafisha" kompyuta, zile za kitufe kimoja, unabonyeza inakuambia imemaliza. Imemaliza nini sikujua, ilifuta vitu vyake huko, nikapata GB 2. Nikaitoa.

Mdogo wangu anasoma kompyuta chuo, likizo huwa anashinda studio. Aliniangalia navyohangaika na diski akaniambia, "Kaka, nyie mnafuta gizani." Akapakua WinDirStat, haikuchukua hata dakika tatu imeshaingia, ni ndogo sana na ni bure kabisa, leseni yake ni ya programu huria hivyo hata biashara inaruhusiwa kuitumia. Hilo la biashara nalitaja makusudi, kuna nyingine nzuri tu lakini ni bure kwa matumizi binafsi, ukiwa ofisi unatakiwa ulipie.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unachagua diski, inaanza kuskani, kuna vijidude kama vile vya gemu la Pac-Man vinatembea kuonyesha folda ipi bado inahesabiwa. Ikimaliza unapata skrini yenye sehemu tatu, juu kushoto orodha ya folda kuanzia kubwa kushuka na asilimia zake, pembeni orodha ya aina za mafaili kila aina na rangi yake, na chini ndio penyewe, picha moja kubwa iliyojaa viboksi vya rangi. Kila kiboksi ni faili moja. Faili kubwa kiboksi kikubwa, faili dogo kiboksi kidogo, vya folda moja vimekaa pamoja. Diski nzima ya TB 4, mafaili malaki, yote unayaona kwa mpigo mmoja bila kushusha chini wala kufungua folda hata moja.

Nilikaa kimya kwanza naiangalia. Nilitegemea nione video tu, kwa sababu kazi yetu ni video. Nikaona upande wa kulia kuna eneo kubwa limejaa viboksi vidogo vidogo vya rangi ambayo siijui, kama mchanga. Nikabonyeza kimoja, orodha ya juu ikajifungua yenyewe mpaka kwenye faili husika na njia yake yote. Yalikuwa mafaili ya muda ambayo programu ya kueditia inajitengenezea ili klipu zicheze bila kukwama, na ukishamaliza kazi hayana faida, ukiyahitaji inayatengeneza tena. Karibu GB 300. Miaka mitatu yamekaa pale hakuna anayeyajua. Pembeni yake maeneo mawili ya viboksi yanayofanana kabisa kwa ukubwa, kuangalia ni mahafali moja imekopiwa mara mbili, GB 140 kila moja. Asubuhi moja tulirudisha zaidi ya GB 400 na hatukupoteza hata klipu moja ya mteja.

Ndio nikamuuliza dogo hii kitu nani kaiwaza. Akanipa habari ambayo nimeifuatilia mwenyewe baadaye na naona niiweke hapa, maana riviu ya programu hii bila hiyo habari ni nusu.

WinDirStat wameiandika watu wa programu huria, tangu 2003 huko, wakifuata programu ya Linux (mfumo mwingine wa kompyuta kama Windows) inaitwa KDirStat. Ila ile picha ya viboksi ina baba yake, Ben Shneiderman, profesa wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwaka 1983 alianzisha pale maabara ya kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, kwa kifupi HCIL, moja ya za mwanzo kabisa za aina hiyo. Mwaka 1990 maabara yao ilikuwa na diski moja ya MB 80, watu 14 wanaitumia kwa pamoja, inajaa, na haijulikani nani kajaza nini. Wakuu, huo ni ugonjwa wangu mimi! MB 80 kwa kamera zetu za leo, tukirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ni sekunde sita za video. Sekunde sita, watu 14 wanagombania.

Alijaribu kwanza kuchora folda kama mti, matawi na matawi, mchoro ukawa mkubwa haukai kwenye skrini. Wazo likamjia amekaa kwenye chumba cha mapumziko cha walimu. Achana na matawi, chukua skrini nzima uigawe kama shamba la urithi: folda za juu zigawane kwa wima kila moja kwa ukubwa wake, zilizomo ndani yake zigawane kwa mlalo, zinazofuata kwa wima tena, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye faili moja moja. Kanuni yenyewe ilitosha mistari sita, lakini ilimchukua siku kadhaa kujiridhisha kwamba haitakwama popote. Mwanafunzi wake wa PhD, Brian Johnson, akaiandikia programu kwenye Macintosh, na 1991 wakaipeleka kwenye mkutano wa watafiti. Wakaiita trimapu, ramani ya mti.

Ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, viboksi vingi vilitoka vyembamba kama fito, huwezi kuvibonyeza wala kuvilinganisha. Wakaja Waholanzi wa chuo cha Eindhoven, Jarke van Wijk na wenzake, 1999 wakaongeza kivuli ili kila kiboksi kionekane kimevimba kama mto wa kulalia, jicho likatambua wapi folda moja inaishia na nyingine inaanza, na 2000 wakaja na njia ya kuvifanya viboksi vikaribie mraba. Wakatoa na programu yao ya bure, SequoiaView. Ukifungua mipangilio ya WinDirStat mpaka leo kuna mahali unachagua mtindo wa kuchora, KDirStat au SequoiaView. Mimi nilikuwa nayaona hayo majina naona ni maneno tu ya kompyuta. Kumbe ni ukoo.

Na haikuishia kwenye diski. Mwaka 1998 Martin Wattenberg aliitumia trimapu kuonyesha soko la hisa la Marekani kwenye tovuti ya SmartMoney, kila kampuni kiboksi, kijani imepanda, nyekundu imeshuka, na ndiyo ramani ambayo watu wa hisa wanaiga mpaka leo.

Sasa mimi kama mtu wa kamera kuna kitu kwenye maisha ya huyu profesa kimenigusa. Mjomba wake, kaka wa mama yake kabisa, ni David Seymour, yule mpigapicha aliyejulikana kama Chim, mmoja wa walioanzisha Magnum, shirika la wapigapicha, mwaka 1947 pamoja na Robert Capa na Henri Cartier-Bresson, aliyeuawa kwa risasi Suez, Misri, Novemba 1956 akiwa kazini. Shneiderman alikuwa na miaka tisa tu. Huyo mpwa akaja kuwa mtu wa kompyuta, lakini angalia alichofanya na kompyuta, maisha yake yote anahangaika na swali moja, mtu aone. Na kamera hakuiacha, amepiga picha watafiti wenzake miaka na miaka kwenye mikutano. Mwaka 2000 yeye na mwenzake walionyesha njia ya kulichukua jina la mtu kwenye orodha, unaliburuta unalidondosha juu ya sura yake kwenye picha, basi picha imeshapata jina. Sisi wa studio tunajua hilo linaokoa masaa mangapi ukiwa na picha 3,000 za ukoo mmoja.

Mdogo wangu anataka kufuata njia hiyo hiyo, utafiti wa watu na kompyuta na namna ya kuonyesha taarifa kwa picha. Zamani aliponiambia nilimwona kama anataka kupoteza ada, nilidhani mtu wa kompyuta anaandika programu za benki au anatengeneza mitandao, sasa kusomea "jinsi mtu anavyoangalia skrini" ni kazi gani? Nimebadilika na nasema wazi. Nilisoma kwamba Shneiderman huyo akiwa bado mwanafunzi, yeye na Isaac Nassi walibuni namna ya kuchora programu kwa viboksi vilivyopangwa, wakapeleka kwenye jarida kubwa wakakataliwa, wakachapisha kwingine 1973 na ile michoro inafundishwa mpaka leo kwa majina yao. Mwaka 1994 yeye na Christopher Ahlberg walionyesha programu ya kutafuta filamu, unavuta kitelezi cha mwaka au urefu wa filamu na nukta kwenye skrini zinabadilika hapo hapo unavyovuta, Ahlberg akaifanyia kampuni, Spotfire, ambayo 2007 ilinunuliwa dola milioni 195. Kwa hiyo wanaouliza hiyo kozi ina hela, jibu lipo, ingawa mimi kilichonibadilisha ni ile asubuhi ya GB 400.

Turudi kwenye programu. Shneiderman aliweka mwongozo mwaka 1996 ambao kwa Kiswahili chetu ni kama hivi: kwanza angalia vyote kwa ujumla, halafu sogea karibu na uchuje, undani uje pale unapouhitaji. WinDirStat inaufuata mwongozo huo karibu neno kwa neno. Unafungua unaona diski yote, unabonyeza eneo linalokutia shaka, ndio unasoma jina, tarehe, ukubwa. Kijana wetu aliyefuta ile sendofu alianza na undani, aliona jina la folda moja akaamua. Angekuwa ameona picha nzima asingeigusa, maana pale ingekuwa kiboksi kidogo tu pembeni ya lile eneo la mchanga.

Kingine nachokipenda, haikuamulii chochote. Haikuambii hiki kibaya hiki kizuri, inakuonyesha tu na kukuachia. Huyu profesa aliwahi kubishana hadharani na Pattie Maes, mtafiti wa chuo cha MIT, mwaka 1997, Maes anataka kompyuta iwe wakala anayekufanyia mambo, Shneiderman anataka mtu abaki ameshika usukani na aone kinachoendelea. Mimi baada ya ile programu ya kitufe kimoja niko upande wa Shneiderman, hakuna programu inayoweza kujua kwamba faili hili ni takataka na lile ni sauti ya marehemu baba wa mtu.

Kufuta kuna njia mbili, kupeleka kwenye kikapu cha takataka au kufuta moja kwa moja. Nimewakataza vijana wote hiyo ya pili. Shneiderman ana kanuni 8 za kutengeneza programu zilizo rahisi kutumia, za mwaka 1986, na moja inasema mtu aweze kurudisha alichofanya bila tabu, na ofisini kwetu sasa ni sheria, kinakaa kikapuni mpaka mimi na dada wa mapokezi tuhakiki kwenye daftari kwamba mteja ameshachukua kazi yake. Ila mjue kikapu nacho kinakula nafasi, mpaka ukimwage ndio utaona diski imepumua.

Upungufu upo. Matoleo ya zamani yanaskani polepole kwenye diski kubwa, mapya ya namba 2 yana kasi zaidi na yana sehemu ya kutafuta mafaili pacha, kwa hiyo chukua mapya. WizTree, programu nyingine ya kazi hii hii, inaipita kwa mbio kwa sababu inasoma daftari la diski lenyewe badala ya kupita folda moja moja, ila ndiyo hiyo niliyosema ofisi inatakiwa kulipia. Halafu jicho la mtu si hodari kulinganisha maeneo, viboksi viwili vyenye umbo tofauti unaweza kudhani kimoja ni kikubwa kumbe sivyo, hapo tegemea namba za orodha ya juu, usitegemee jicho. Rangi nazo, tatu za mwanzo ni bluu, nyekundu na kijani, na mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani atapata shida, tuna kijana mmoja yuko hivyo, tukaenda kwenye mipangilio tukabadilisha.

Na mara ya kwanza itakuchanganya, nisidanganye. Dada wa mapokezi aliiangalia akaniuliza hiki kitenge cha nini. Ilibidi nikae naye dakika kumi. Kuna programu nyingine zinachora kwa duara, pete ndani ya pete, kama Filelight ya Linux, na John Stasko, mtafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, alishawapima watu na njia zote mbili mwaka 2000, wengi wakaona duara ni rahisi kujifunza. Naamini kabisa. Ila kwenye duara nafasi kubwa ya skrini inabaki tupu kwenye kona, na mimi mwenye mafaili malaki nataka kila sehemu ya skrini inifanyie kazi, kwa hiyo nabaki na viboksi.

Wa Windows msije mkafuta kila kikubwa mnachokiona. Mafaili yanayoitwa hiberfil.sys na pagefile.sys ni ya mfumo, folda ya WinSxS pia usiiguse kwa mkono hata ikionekana kubwa. Folda ya Windows.old ni mabaki baada ya kupandisha toleo, hiyo iondoe kwa kutumia kifaa cha Windows chenyewe cha kusafisha diski. Wenye Mac hamuipati hii, tumieni GrandPerspective au Disk Inventory X, viboksi ni vile vile. Na wote mpakue kwenye tovuti yao wenyewe, windirstat.net, msichukue kwenye matovuti ya kupakulia vitu ovyo.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya zile dakika kumi za dada wa mapokezi. Kwetu sasa inafunguliwa kila Ijumaa jioni kabla ya kwenda ukumbini, kompyuta ya mbele, tunaiangalia wote watano, na mdogo wangu akiwa likizo anakaa nyuma na daftari lake anaandika ni nani ameanza kuangalia wapi, ndio projekti yake ya mwaka wa mwisho.